Mlimani Hakuna Mlango wa Gari

Jumatatu, 8 Mei

Nimegundua tatizo. Ni mlango wa gari.

Nimelichunguza jambo hili tangu Novemba, Baba alipohamia kwenye nyumba ya magurudumu kule mji jirani wa Hungry Horse. Kila anaponirudisha kwetu Coram, hazimi injini. Hufungua mlango wa pikapu, akashusha mguu mmoja. Wa pili hubaki ndani. Mama husimama barazani, mikono kifuani. Mama husema paa linavuja. Baba husema atakuja kulitazama. Mama husema maneno hayohayo aliyasikia Februari. Baba huurudisha mguu. Kisha mlango: pwaa! Kisha vumbi.

Hawajawahi kufika sentensi ya nne.

Hitimisho langu: wazazi wangu hawajaachana. Wanakatizwa tu.

Bi. Prewitt, mwalimu wetu wa darasa la saba, hutufundisha kwamba tatizo likiandikwa vizuri, suluhisho hujitokeza lenyewe. Nimeliandika vizuri. Suluhisho: mahali pasipo na gari. Na mahali hapo papo! Ni Barabara ya Kuliendea Jua, majira haya ya kuchipua, kabla tingatinga hazijamaliza kuondoa theluji. Magari yanaishia kwenye geti la Avalanche. Kutoka hapo kwenda juu ni miguu na baiskeli tu. Baba anaendesha tingatinga huko juu. Mama anakodisha baiskeli huku chini. Ni kana kwamba Mungu aliuchora mlima huu kwa ajili ya familia yetu.

Ila muda ni mfupi. Barabara itafunguliwa kwa magari katikati ya Juni. Hapo Baba ataenda Wyoming kutengeneza barabara mpaka theluji irudi. Nilimsikia Mama akimwambia Shangazi Bettina kwenye simu kwamba kabla hajaondoka ni bora waende mahakamani wamalizane, kila mtu ajue lake.

Kwa hiyo ninahitaji theluji zaidi. Bonde lote linaomba jua ili wageni waje. Mimi nimeanza kuomba kinyume chao.

Jumatano, 10 Mei

Theluji! Huko juu imefika magotini, huku chini mvua ya baridi. Nimeomba mara mbili tu!

Watu wana hasira. Mzee wa posta alisema mlima mwaka huu umerogwa na angependa kumjua aliyeuroga. Nilitazama viatu vyangu. Mama alishinda dukani peke yake akipaka grisi minyororo ya baiskeli ambazo tayari zilikuwa na grisi.

Bi. Prewitt aliniuliza kwa nini natabasamu katikati ya somo la hesabu za sehemu. Nilimjibu kwamba nafikiria maji yanavyozunguka kutoka angani kuja ardhini. Ilikuwa kweli.

Leo nimeomba theluji kidogo kuliko jana, kwa kuwaonea huruma wengine.

Alhamisi, 11 Mei

Nimemwingiza Mama kwenye mpango. Shule yetu haina masomo Ijumaa, na tingatinga hufanya kazi Ijumaa. Kwa hiyo Ijumaa ndiyo siku pekee ambayo sote watatu tunaweza kuwa mlimani.

Nilimwambia Mama kifua changu ni dhaifu, kinahitaji milima. Akaweka sikio mgongoni pangu, akasikiliza, akasema, "Maren, kifua chako ni cha farasi. Unataka nini?"

Nilikuwa sijaandaa jibu la pili. Nikasema nataka kupanda naye baiskeli.

Alitazama kalenda ya jikoni. Kisha akasema kesho, asubuhi, mpaka saa nane mchana.

Haukuwa hata uongo. Naandika hapa kama mbinu: ukweli, ukitumiwa kwa uangalifu, hufanya kazi.

Ijumaa, 12 Mei

Kikwazo. Kina jina: Daktari Harold Fenwick.

Daktari Fenwick alikuja Januari kutoka Ohio, akafungua chumba cha kutibu meno mjini Columbia Falls. Kila Ijumaa huja kukodi baiskeli ya bluu dukani kwa Mama. Baiskeli yake mwenyewe, nzuri kuliko zote za duka, inaning'inia nyuma ya gari lake! Amenipa mswaki mwingine. Sasa nina miswaki mingi kuliko meno.

Aliuliza kama anaweza kufuatana nasi. Mama alisema barabara ni ya watu wote. Nilimtazama Mama kwa jicho la kumkanya. Alidhani nimeingiwa na mdudu jichoni.

Tukapanda. Maji yanashuka kila mahali, mierezi inatoa mvuke, mto chini yetu unapiga kelele. Wanaoteremka wanatuambia, "Kazeni, bado kona moja tu!" Kwenye barabara hii daima imebaki kona moja. Tunadanganyana wote, ndiyo heshima yetu. Daktari aliamini kila mara. Kila mara alisema "Ahsante Mungu."

Kwenye kona kubwa iitwayo Kitanzi tulikuta kibao cha njano kilichokandamizwa na mfuko wa mchanga: WAPANDA BAISKELI MWISHO HAPA LEO. Mama alisimamisha gurudumu mbele ya kibao kabisa, lisizidi hata upana wa kidole. Mama hutii vibao hata kama hakuna anayemwona.

Tukakaa juu ya ukuta wa mawe. Tukala mikate ya Daktari yenye jibini la matundu. Juu yetu, mbali, tingatinga zilikuwa zikiunguruma. Daktari alikuwa akieleza habari za fizi. Ghafla Mama akainua kichwa.

"Huyo Royce," akasema, yaani Baba. "Anaingiza gia ya tatu kabla ya wakati. Miaka kumi na mitano namwambia."

Daktari aliuliza anawezaje kujua, nazo mashine ni nyingi na zote zinanguruma vilevile. Mama akamuuliza, je, yeye hujuaje jino lipi ni la nani?

Nimepiga mstari chini ya maneno haya: ANAMJUA KWA GIA.

Baba hakushuka. Saa nane tukarudi. Lakini moyo wangu ulirudi ukiwa umejaa.

Jumamosi, 13 Mei

Kwa Baba. Chapati za maji na soseji za kulungu. Nyumba ya magurudumu inanuka dizeli na soksi, lakini ametandika kitanda changu vizuri.

Nilimpa taarifa ya gia. Akaigeuza chapati ambayo haikuhitaji kugeuzwa. Alisema hakuna ubaya wowote kwenye gia ya tatu. Tukaosha vyombo. Alipofika kwenye kikaango akauliza, bila kugeuka, "Alisema kwa hasira au kwa kawaida tu?"

Nikasema kwa kawaida.

Akaanza kupiga mluzi. Kwa maelezo ya Shangazi Bettina, mluzi ni miongoni mwa sababu za Baba kuhama. Nikamshauri aupunguze. Akaniuliza kama nimeanza kulipwa na Bettina.

Kisha nikamhoji kuhusu kibao. Kumbe yeye ndiye anayekiweka kila asubuhi! Nikauliza kwa nini anakiweka mbali hivyo na mashine. Alisema ni kwa sababu ya mteremko ulio juu ya barabara. Jua la mchana likiupiga, theluji hushuka yenyewe, haiombi ruhusa. Kwa hiyo huacha kona mbili katikati, kila siku, hata kama wapanda baiskeli wanamtukana.

Nimeandika: kona mbili. Si mbali.

Alhamisi, 18 Mei

Mpango wa kumwondoa Daktari.

Leo baada ya shule alipita dukani kuniuliza, kwa sauti ya chini, desturi ya kupigia dubu kelele ikoje. Hakutaka kuonekana mgeni mbele ya Mama. Mlango umefunguka wenyewe!

Sisi wa bonde hili hupiga kelele kwenye kona usiyoweza kuona mbele yake, mara moja, fupi, ili dubu asishtuke. Mama husema, "Ewe dubu, tunapita." Basi. Lakini nilimtazama Daktari usoni nikamwambia kwamba wenyeji halisi hupiga kelele kwenye kila kona na kila mfereji, hujitaja kwa jina kamili na kazi, na huwaulizia jamaa wa dubu hali zao. Nikamwambia asiyefanya hivyo huonekana hana malezi.

Mama hapendi kelele. Kesho saa sita mchana Daktari atakuwa historia.

Ijumaa, 19 Mei

Maafa.

Kona ya kwanza tu Daktari alisimama kwenye pedali, akajaza mapafu, akapaza sauti: "HODI, MZEE DUBU! NI MIMI, HAROLD FENWICK, DAKTARI WA MENO! MAMA WATOTO HAJAMBO?"

Mama alimtazama. Mimi nilitazama mto. Mfereji wa kwanza: "HODI, MZEE DUBU!" Mfereji wa pili: "NI MIMI TENA, HAROLD FENWICK!" Wanaoteremka wakaanza kumpigia kengele. Kwenye kona ya nne sauti ya bibi mmoja ikajibu kutoka juu, hata hatujamwona: "Mama watoto hajambo, Daktari, ila ana jino linamsumbua!"

Mama alishuka kwenye baiskeli. Akashika ukuta wa mawe kwa mikono miwili, akainama. Nikadhani anaumwa. Nikaitupa baiskeli yangu chini, nikamkimbilia.

Alikuwa anacheka. Machozi yanamtoka. Alikuwa hajacheka hivyo tangu kabla ya theluji ya kwanza.

Sijui namna ya kuandika hili. Nilifurahi na nikaangamia, vyote kwa wakati mmoja.

Baadaye, tukinywa maji, Daktari aliniinamia akasema kwa upole, "Ahsante kwa mafunzo, Maren." Sina hakika kama alijua. Nadhani alijua. Ni mtu mgumu sana kumchukia, kwa sababu hakupi nafasi.

Kibao kimesogezwa juu wiki hii, mpaka mahali panapoonekana maporomoko ya maji yaitwayo Mwanamke-Ndege. Kwa mara ya kwanza niliona taa ya njano ya tingatinga la Baba ikizunguka, juu yetu, ng'ambo ya kuta za theluji. Kona mbili tu! Nikamwonyesha Mama. Aliitazama muda mrefu kuliko taa inavyostahili. Kisha akageuza baiskeli. "Kibao ni kibao," akasema.

Jumanne, 23 Mei

Habari zote mbaya zimekuja siku moja, kama watu walioalikwa.

Kwanza: tingatinga za upande wetu zitakutana na zile za upande wa mashariki baada ya siku chache. Wafanyakazi wenzake Baba wameshaanza kutaniana nani atagusa nani kwanza. Pili: Baba amewajibu watu wa Wyoming, amesema ndiyo. Tatu: Mama ana miadi na mwanasheria Jumanne ijayo. Ameiandika kwenye kalenda ya jikoni kwa herufi ndogo sana, kana kwamba herufi zikiwa ndogo sitazisoma.

Imebaki Ijumaa moja.

Nimefikiri sana, kwa uadilifu. Baba hawezi kuacha mashine ashuke. Mama hawezi kupita kibao. Kwa hiyo si Baba wala Mama anayepaswa kusogea. Ni kibao.

Si wizi. Kibao kitabaki barabarani, mali ya walewale. Ni kusogeza.

Ijumaa, 26 Mei

Nitaandika kwa mfuatano, kama tulivyofundishwa.

Nilimwambia Mama natangulia ili nifanye mazoezi ya kasi. Nilifika kwenye kibao kabla ya mtu yeyote. Nilibeba mfuko wa mchanga kwanza, kisha kibao. Vilikuwa vizito. Nilipita kona ya kwanza, nikapita ya pili. Kuta za theluji pande zote mbili zilikuwa ndefu kuliko nyumba yetu, na zilikuwa zinatona. Jua lilikuwa zuri sana. Nikakisimamisha kibao katikati ya barabara, nikakinyoosha kikawa wima kabisa. Nilijisifu kwa kukinyoosha.

Mama akafika na Daktari. Akatazama kushoto na kulia. "Leo wametuachia nafasi kubwa," akasema. Tukasimama pale. Daktari akatoa mikate.

Tingatinga la Baba likatokea kwenye kona likirudi kinyumenyume. Likasimama. Injini ikazimwa.

Ikazimwa! Nilikuwa nikiingoja sauti hiyo, ya injini kunyamaza, tangu Novemba. Mlango ukafunguliwa. Baba akashuka, miguu yote miwili. Yote miwili! Nikainua mkono kumpungia.

Alikuwa anakimbia. Baba huwa hakimbii. Hakuita jina la mtu, alikuwa anapiga kelele tu, "Chini! Chini! Shukeni!" Akamshika Mama mkono, akanikamata mimi ukosi wa koti, akamsukuma Daktari kwa bega. Tukakimbia. Baiskeli tukaziacha. Tulipoipita kona ya pili nikasikia nyuma yangu sauti kama ya mtu anayevuta kitambaa kikubwa mezani. Haikuwa kubwa. Kisha kimya.

Baba alituhesabu kwa kidole. Tulikuwa watatu tu, lakini alituhesabu tena. Mama akamwambia, "Tupo wote, Royce. Tupo wote."

Tulipochungulia, kibao hakikuwepo. Baiskeli ya bluu haikuwepo. Theluji ilikuwa imelala pale tulipokuwa tumesimama, kimo cha kitanda. Mkate mmoja wa Daktari ulikuwa juu yake, mkavu, haukuguswa. Baba aliutazama mkate ule, akaketi barabarani.

Redio yake ya upepo ikaita. Alikuwa Bwana Odegaard, msimamizi wao. Aliuliza nani amekiweka kibao kule. Baba akanitazama. Sijui uso wangu ulisema nini, ila ulisema. Nikafungua mdomo. Baba akabonyeza redio akajibu, "Mimi, mzee. Nimekosea kona."

Bwana Odegaard akamwamuru aiache mashine hapohapo, awashushe watu mpaka getini, na asirudi mpaka aitwe.

Tukashuka kwa miguu. Baiskeli iliyosalimika ilikuwa moja, ya Mama. Mama alishika usukani upande mmoja, Baba upande wa pili, wakaikokota katikati yao. Mimi nilikuwa nyuma na Daktari. Hakumpigia dubu yeyote hodi. Baada ya muda akasema kwamba mtu akiwa na jambo la kusema alitoe mapema, jino likiachwa huoza. Nikamwambia hayo ni maneno ya daktari wa meno kabisa. Akakubali.

Mbele yetu walizungumza. Njia yote! Mahali fulani Mama alilia na Baba akampa mkono wa shati lake ajifutie. Mahali fulani walicheka. Wanaopanda walituuliza bado kona ngapi, na hakuna aliyewajibu.

Mpango wangu ulikuwa umefanikiwa katika kila kipengele. Nilitapika karibu na geti.

Jumamosi, 27 Mei

Nilimwambia Mama ukweli wakati wa kifungua kinywa. Aliweka kijiko chini. Hakunipigia kelele, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha. Akasema nimalize uji, kisha niende mwenyewe kwa Bwana Odegaard.

Nilimkuta uani akitengeneza mashine ya kukatia majani. Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye utangulizi. Nilipofika kwenye utangulizi akaniambia, "Binti, nilishajua. Kibao cha Royce huegemea kama mlevi miaka yote. Cha jana, wenzake waliokiona kwa mbali wanasema kilikuwa kimesimama kama askari."

Akasema Baba atarudi kwenye mashine Jumatano. Mimi nitafagia changarawe barabarani kila Jumamosi mpaka siku magari yatakapopanda. Nikasema sawa, mzee. Kisha akaacha spana, akanitazama. Alisema kama Royce angechelewa kuvuta breki, leo yeye asingekuwa anatengeneza mashine ya majani; angekuwa anatafuta suti yake nyeusi. Alilisema polepole, bila hasira.

Nimeliandika ili nisilisahau.

Jumapili, 28 Mei

Walikaa kwenye kochi pamoja. Baba alivua buti mlangoni. Pikapu ilikuwa imezimwa, nilikwenda kuhakikisha: boneti ilikuwa baridi.

Waliniambia wote wawili, kwa zamu, kama watu wanaobeba kabati. Walisema kwamba njiani, wakishuka, walizungumza kwa mara ya kwanza bila mtu kuondoka. Walizungumza mpaka mwisho. Na walipofika mwisho, walikuta kumbe ni mwisho kweli.

Jumanne wataenda kwa mwanasheria pamoja, kwa gari moja.

Baba hataenda Wyoming. Amewapigia simu. Kiangazi hiki atatengeneza kuta za mawe za barabara yetu, hapahapa, na mimi nitakuwa kwake Jumamosi na Jumatano. Alisema baba ambaye mtoto wake anabeba mifuko ya mchanga mlimani ili baba yake amwone hapaswi kukaa mbali. Hapo akajifanya anakohoa. Mama akampa glasi ya maji. Walikuwa wapole sana wao kwa wao. Hawakuwa hivyo hata walipokuwa wakiishi pamoja.

Mama akanishika mikono. Akasema kuwarekebisha wao si kazi yangu, haikuwa kazi yangu, na haitakuwa. Akauliza kama nimeelewa.

Nikasema nimeelewa. Na nilielewa kila neno. Kisha nikaenda bafuni nikapiga mswaki kwa muda mrefu sana, nikibadilisha miswaki, kwa sababu mtu akiwa na mswaki mdomoni hakuna anayemuuliza kitu.

Jumamosi, 17 Juni

Leo magari yamepanda. Yalianza kujipanga getini kabla jua halijatoka, injini zikiwaka. Nilifagia changarawe ya mwisho nikasogea pembeni. Gari la kwanza lilinipigia honi. Nusu saa tu, na mto haukusikika tena.

Bwana Odegaard alinipa mkono. Alisema nimefagia vizuri na anatumaini nimejifunza. Nikamwambia nimejifunza mengi, mzee. Nilimaanisha.

Jioni Baba alikuja nyumbani kutengeneza paa. Hatimaye! Daktari Fenwick alimshikia ngazi. Mama aliwapelekea maji baridi ya limau, wakayanywa wote watatu, na Baba akasema jambo ambalo sikulisikia, na Mama akacheka. Nilikuwa dirishani. Nimeliandika wakati uleule.

Jumamosi hizi za kufagia nimekuwa nikitafuta kosa langu lilikuwa wapi. Mtu mwadilifu hutafuta kosa lake. Leo nimelipata.

Kosa lilikuwa barabara. Nilifikiri kuhusu milango tu, sikufikiri kwamba barabara ina mwisho. Watu wawili wakiteremka barabarani, hata wakikokota baiskeli polepole, ni lazima wafike getini. Ndiyo maana walifika mwisho. Wangekuwa mahali pasipo na mwisho, wangekuwa bado wanazungumza.

Kuanzia wiki hii Mama ameziweka baiskeli ghalani. Anakodisha mitumbwi ziwani.

Nimemwambia Baba kwamba Mama anaogopa kuujaribu mtumbwi mpya peke yake. Nimemwambia Mama kwamba Baba angependa kuvua samaki katikati ya ziwa ila anaona aibu kuomba. Wote wamekubali, Ijumaa asubuhi. Nimemuuliza Daktari kama anajua kuogelea. Amesema hajui hata kidogo. Nimempa pole, kwa dhati.

Mtumbwi una makasia mawili. Moja nimelificha chini ya kitanda changu.